Waliokaa Kati ya Picha na Msomaji

Mnamo Oktoba 1862, wakazi wa New York walimiminika katika jumba la picha la Mathew Brady ili kutazama maiti. Tarehe 17 Septemba mwaka huohuo, majeshi ya Kaskazini na ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani yalikuwa yamepigana Antietam, katika jimbo la Maryland, na mpiga picha Alexander Gardner, aliyekuwa akimfanyia kazi Brady, aliwahi kufika uwanjani kabla waliouawa hawajazikwa wote. Watu wa mjini walikuwa wamesoma habari za vita hivyo kwa zaidi ya mwaka mzima, lakini kuona miili ya vijana imelala kando ya uzio, katika hali ileile iliyokutwa nayo, lilikuwa jambo geni kabisa kwao.

Kilichonivutia siku zote katika kisa hiki ni kwamba picha hizo hazikuweza kuingia gazetini. Mitambo ya uchapaji ya wakati ule ilijua mambo mawili tu, kuweka wino au kutoweka wino, na rangi za kijivu zinazoifanya picha ya kamera iwe picha hazikuwa na mahali pa kupita. Jarida la Harper's Weekly lilipotaka kuwaonyesha wasomaji wake Antietam, kwanza picha za Gardner zilipaswa kunakiliwa na wachongaji, mstari kwa mstari, kwenye vipande vya mti. Mchongaji aliweza kuunyoosha mkono uliopinda, kuongeza wingu, au kuuacha uso mmoja nje. Hakuna aliyemwona mwongo, kwa kuwa kazi yenyewe ndivyo ilivyokuwa.

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeipitisha kwenye dawati la picha, na mara nyingi naona historia ya picha za habari ikisimuliwa kama historia ya kasi: kamera zilizidi kuwa ndogo, mikanda ikazidi kuwa hodari wa kunasa mwanga hafifu, habari zikazidi kufika mapema. Simulizi hiyo ni ya kweli, ila inaliruka jambo ambalo kwangu ni kubwa zaidi. Kati ya tukio na jicho la msomaji walikuwapo watu: mchongaji, fundi wa chumba cha giza cha kusafishia picha, tarishi, mtuma picha, mhariri. Kila chombo kipya kilimwondoa mmoja wao au kilimbadilishia kazi, na kila alipoondoka mmoja, mzigo wake wa kuchagua, kusubiri na kukagua ulimwangukia mwingine, au haukubebwa na yeyote.

Katika miaka ya Gardner, hata kamera yenyewe iliamua nini kionekane. Mpiga picha alikipaka kioo kolodioni, dawa nzito inayonata, akakichovya katika dawa ya fedha, akakipachika ndani ya kamera kingali kibichi, na baada ya kupiga alikuwa na dakika chache tu za kukisafisha kabla hakijakauka. Ilimlazimu kutembea na chumba chake cha giza. Roger Fenton alipokwenda vita vya Crimea mwaka 1855 alitumia gari la farasi lililokuwa la mfanyabiashara wa mvinyo. Kwa kuwa kioo kilihitaji sekunde kadhaa za mwanga, chochote kilichotembea kiligeuka ukungu, na ndiyo sababu picha za vita za enzi hiyo ni za makamanda waliokaa kwenye viti, mahema, mizinga iliyonyamaza, na wafu. Siamini kwamba wapiga picha hao walivutwa na mauti kuliko sisi. Maiti hutulia, na kamera yao haikuweza kitu kingine.

Mchongaji alianza kupoteza kazi tarehe 4 Machi 1880, gazeti la Daily Graphic la New York lilipochapisha picha ya kibanda katika mtaa wa mabanda, ikiwa imevunjwavunjwa kuwa nukta ndogo: zilizo kubwa kwa sehemu zenye giza, zilizo ndogo kwa sehemu zenye mwanga. Jicho huziunganisha nukta hizo na kuona kijivu ambacho mtambo haujakichapa. Ilichukua miaka mingi mbinu hii kuzoeleka katika magazeti ya kila siku, lakini tangu hapo msomaji aliweza kuambiwa kwamba anachokitazama kimetoka moja kwa moja ndani ya kamera. Imani hiyo ndiyo mtaji wa kazi yetu hadi leo.

Unga wa flashi uliobuniwa Ujerumani mwaka 1887 ulimwezesha mwanahabari Jacob Riis kuingia usiku katika vyumba vya maskini wa New York na kutoka na picha za watu walioshtuliwa usingizini. Zilisaidia kuleta mageuzi ya makazi, na bado zinanitia mashaka, kwa maana wale watu hawakuombwa ridhaa. Mpiga picha wa Ujerumani Erich Salomon alikwenda kinyume na Riis: kamera yake ya Ermanox ilikuwa na lenzi pana kiasi cha kutosheka na mwanga wa taa za ukumbini, akawapiga wanadiplomasia wakisinzia mezani, na mwaka 1928 aliingiza kamera katika chumba cha mahakama ikiwa imefichwa ndani ya kofia. Kamera ndogo ya Leica ilikuwa imeingia sokoni mwaka 1925, ikitumia mkanda wa sinema wa milimita 35, na hapo mpiga picha alipata picha 36 mfululizo katika kifaa kinachoenea mkononi. Yaliyofuata yanajulikana: majarida ya picha, Life mwaka 1936, na wapiga picha waliokwenda vitani bega kwa bega na askari.

Jambo ambalo halitajwi sana ni lile lililotokea kwa mkanda wenyewe. Picha 36 zilizofuatana zilikuwa simulizi kamili ya namna mtu alivyolikaribia tukio. Tulikuwa tukizichapa zote katika karatasi moja, ndogondogo kama stempu, kisha mhariri huinama juu yake na kioo cha kukuzia na penseli nyekundu. Katika karatasi hiyo huwezi kujificha. Inaonekana ulipoanzia mbali, uliposogea, ulipomwomba mtu ageuke, ulipokata tamaa, ulipobahatisha. Mhariri mzuri aliisoma kama mpelelezi, na niliwahi kumwona mmoja akiikataa picha nzuri kupita zote kwa sababu picha tatu zilizotangulia zilionyesha wazi kwamba bango lililokuwa mkononi mwa muandamanaji alipewa dakika ileile. Hakubishana na mpiga picha. Aliweka kidole juu ya zile picha ndogo tatu, basi.

Wakati huo kasi ilikuwa imeshaanza kusukuma upande mwingine. Tarehe 1 Januari 1935 shirika la habari la Marekani la Associated Press (AP) lilifungua mtandao wake wa kutuma picha kwa waya, na picha ya kwanza kusafiri humo ilikuwa ya ndege iliyoanguka katika milima ya Adirondack. Picha iliyochapwa ilizungushiwa silinda, silinda ikazunguka, mwale mwembamba wa mwanga ukaipitia mstari kwa mstari, na kila badiliko la weusi na weupe likageuka kuwa badiliko la umeme lililopita katika waya wa simu. Upande wa pili silinda nyingine ilizunguka kwa mwendo uleule na kuurudisha umeme kuwa mwanga juu ya karatasi ya picha. Picha moja ilichukua kama dakika kumi, na waya ukiingiwa na kelele, michirizi ilikata uso wa waziri katikati.

Mashine hiyo ilifundisha watu namna ya kuona. Ikiwa una nafasi ya kutuma picha moja au mbili tu kwa siku nzima, utachagua ile inayojieleza yenyewe, yenye mtu mmoja mbele, weusi mzito na weupe mkali, ambayo haitaharibika ikipotea nusu ya undani wake njiani. Nadhani dhana yetu ya picha moja inayobeba tukio zima, ile ambayo mashindano huitafuta kila mwaka, ilitokana kwa kiasi kikubwa na uchache wa dakika za waya. Hata picha ya askari wa Marekani wakisimika bendera katika kisiwa cha Iwo Jima, Japani, inaingia hapa. Joe Rosenthal aliipiga tarehe 23 Februari 1945, mkanda ukapelekwa Guam, watu wengine wakausafisha, mhariri huko akaitambua picha papo hapo na kuirusha kwa redio, na siku mbili baadaye ilikuwa katika magazeti ya Jumapili kote Marekani kabla Rosenthal hajaiona. Alipoulizwa baadaye iwapo alikuwa amewapanga wale askari, alijibu ndiyo, akidhani anaulizwa kuhusu picha nyingine ya kundi aliyoipiga mlimani siku hiyo. Jibu hilo lilimwandama maisha yake yote. Mtu alisifiwa na kutuhumiwa kwa picha ambayo alikuwa hajui kwamba ameipata.

Kwa kuwa mkanda ulikuwa kitu cha kushikika, ulikuwa pia kitu cha kunyang'anywa. Sam Nzima alipompiga picha Hector Pieterson, mvulana aliyepigwa risasi na polisi, akiwa amebebwa mikononi huko Soweto, Afrika Kusini, tarehe 16 Juni 1976, aliutoa mkanda katika kamera na kuuficha ndani ya soksi, maana alijua polisi wakiukuta utakuwa umekwisha. Ulifika katika gazeti lake, The World, na ukaenda duniani; yeye mwenyewe aliandamwa na polisi hadi akaiacha kazi. Mwaka 1989 Beijing, wapiga picha waliomnasa yule mtu aliyesimama mbele ya vifaru walikuwa na tatizo hilohilo. Charlie Cole alificha mkanda katika tangi la choo cha hoteli, Stuart Franklin aliutoa wake nje ya nchi ndani ya pakiti ya chai, na wa Jeff Widener ulibebwa na mwanafunzi aliyeusokomeza ndani ya nguo zake. Widener alikuwa ameishiwa mikanda. Huyo mwanafunzi ndiye aliyemtafutia mmoja hotelini, nao ulikuwa wa kasi ndogo kuliko aliyoipanga kwenye kamera, hivyo kilango kilifunguka polepole mno kwa lenzi ndefu kama ile. Kwamba picha ilitoka bila kutikisika ni bahati ambayo hakuna fundi anayeweza kuiahidi.

Leo picha kama hizo zingekuwa zimeshafika ofisini kabla askari hajapanda ngazi, nami siwezi kuutamani wakati wa soksi na matangi ya choo. Mtu yeyote aliyewahi kugeuza bafu la hoteli kuwa chumba cha giza, akiziba upenyo wa mlango kwa taulo na kukausha mkanda kwa mashine ya nywele huku saa ya kufunga ukurasa ikikimbia, alizipokea kamera za kidijitali kwa mikono miwili. Kodak ilitoa kamera ya kitaalamu ya namna hiyo mwaka 1991: ilikuwa mwili wa Nikon F3 uliounganishwa kwa waya na sanduku la kuhifadhia picha lililoning'inizwa begani, na picha zake zilikuwa na pikseli milioni 1.3 tu. AP na Kodak walitengeneza NC2000 kwa ajili ya wanahabari mwaka 1994. Ilipokuja Nikon D1 mwaka 1999, ikiwa na pikseli milioni 2.7 na bei ambayo vyumba vya habari viliweza kuivumilia, mjadala ulikwisha. Miaka michache baadaye makarai ya dawa yalikuwa yamerundikwa stoo.

Fundi wa chumba cha giza aliondoka, na pamoja naye ukaondoka mkanda, ambao kumbe ulikuwa shahidi. Hatukuuweka kwa sababu ya ushahidi. Tuliuweka kwa kuwa haukuweza kutumika tena, na kuutupa kulihitaji uamuzi. Kadi ya kumbukumbu imeundwa ili ifutwe. Dirck Halstead wa jarida la Time aligundua mwaka 1998 kwamba katika mikanda yake ya miaka miwili nyuma kulikuwa na picha ya Rais Clinton akimkumbatia mbele ya umati Monica Lewinsky, ambaye uhusiano wake na rais ndio uliokuwa kashfa ya mwaka huo. Halstead amesimulia kwamba wapiga picha wengine waliokuwapo walitumia kamera za kidijitali na walikuwa wamefuta picha zisizo na maana. Siku ile ilikuwa haina maana kweli, na hakuna mhariri ambaye angeichagua. Ilikuja kupata maana kwa sababu tu iliachwa ikalala.

Ukarabati wa picha haukuanza na kompyuta, ingawa watu hupenda kusema hivyo. Fenton ana picha mbili za bonde lilelile la Crimea: katika moja barabara imetapakaa risasi za mizinga, katika nyingine barabara ni tupu, na wataalamu wamebishana miaka nenda rudi kuhusu ipi ilitangulia na ni nani aliyezisogeza risasi hizo. Kompyuta ilileta wepesi wa kufanya jambo hilo bila kuacha alama na bila mtu wa pili kujua. National Geographic ilisogeza piramidi za Giza ili zienee kwenye jalada la Februari 1982, miaka minane kabla ya programu ya Photoshop kuuzwa. Mwaka 2003 Brian Walski wa Los Angeles Times aliunganisha picha mbili alizozipiga karibu na Basra ili ishara ya mkono wa askari ikutane vizuri na mtu aliyembeba mtoto, na alifukuzwa kazi baada ya mfanyakazi wa gazeti la Hartford Courant, lililoichapisha pia picha hiyo, kuona kwamba watu walewale wametokea mara mbili nyuma ya picha. Mwaka 2006 Reuters iliondoa picha zote 920 za Adnan Hajj baada ya moshi wa Beirut kuonekana umenakiliwa vipandevipande, tena kwa mkono mzito kiasi kwamba ninashangaa hadi leo ilipitaje kwenye dawati.

Lakini kwa kweli sishangai sana, kwa kuwa ninajua dawati lilivyokuwa limekuwa. Mpiga picha mmoja wa mechi ya mpira huleta maelfu ya picha, na zinaingia wakati mechi inaendelea, moja kwa moja kutoka kwenye kamera. Mhariri aliyekuwa akiinama juu ya karatasi moja kwa dakika kumi sasa anaitazama picha kwa muda wa kupepesa jicho kabla ya kuisukuma mbele. Zile dakika kumi za silinda, ambazo sote tulizilaani, zilikuwa pia dakika za mtu kusema, "Ngoja kwanza, hii ina kasoro." Hakuna aliyeamua kuziondoa, zilimezwa na uboreshaji wa mitambo, na hakuna aliyepewa jukumu la kuzirudisha.

Simu ya mkononi ilimwondoa mpiga picha mwenyewe, au walau ilimwondolea upekee wake. Mabomu yalipolipuka katika treni za chini ya ardhi za London tarehe 7 Julai 2005, picha za kwanza kutoka ndani ya mahandaki zilipigwa na abiria waliokuwa wakitembea gizani. Januari 2009 abiria wa feri aliitangulia kila kamera ya kitaalamu kwa kuipiga kwa simu ndege iliyotua juu ya mto Hudson na kuiweka mtandaoni palepale. Sina kinyongo na watu hao. Walikuwapo, sisi hatukuwapo, na picha za aina hiyo zimewahi kuufichua ukatili ambao hakuna mwanahabari angeruhusiwa kuukaribia. Kinyongo changu ni kwa wamiliki waliochukua bahati hiyo na kuifanya hoja ya kubana matumizi. Chicago Sun-Times liliwaachisha kazi wapiga picha wake wote 28 wa kudumu Mei 2013, akiwamo John H. White aliyekuwa na tuzo ya Pulitzer, na waandishi wakapewa mafunzo ya kupiga picha kwa simu. Simu inaweza kukupa picha ya mtu aliyekuwa pale jambo lilipotokea, lakini haikupi mtu anayerudi mahali palepale kwa miezi, kabla ya tukio na muda mrefu baada ya wengine wote kuondoka.

Sasa tumefika kwenye chombo kinachoweza kuliondoa hata tukio lenyewe. Mwezi Mei 2023 picha iliyotengenezwa kwa akili mnemba, ikionyesha moshi karibu na Pentagon, makao makuu ya wizara ya ulinzi ya Marekani, ilisambaa asubuhi na kuyatikisa masoko ya hisa kwa dakika kadhaa kabla ya kukanushwa. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Boris Eldagsen alikuwa ameikataa tuzo ya shindano la kimataifa la picha kwa kueleza kwamba kazi yake haikupigwa na kamera yoyote. Hofu imeenea kiasi kwamba Machi 2024 mashirika makubwa ya picha yaliiondoa picha ya familia ya Binti Mfalme wa Wales kwa sababu ya dosari ndogo kwenye mkono wa sweta ya mtoto. Hilo lilikuwa rekebisho la kawaida la kompyuta, la aina ambayo miaka kumi nyuma lingezua kicheko tu.

Jibu la viwanda limekuwa kuiwekea picha saini. Leica M11-P ya Oktoba 2023 ilikuwa kamera ya kwanza kuuzwa ikiwa na uwezo wa kuambatanisha na kila picha muhuri wa kidijitali unaoeleza imepigwa na kamera gani na lini, kisha kila badiliko linalofuata likaongezwa kwenye kumbukumbu hiyo. Ninaunga mkono juhudi hizi, kwa kuwa zinarudisha sehemu ya kile kilichopotea na mkanda, lakini sizitegemei sana. Mitandao mingi ya kijamii huzifuta taarifa hizo picha inapopakiwa. Mwaka 2025 Nikon ililazimika kusitisha huduma yake baada ya mtumiaji mmoja kuonyesha jinsi kamera inavyoweza kuhadaiwa ili itie saini picha isiyostahili. Na hata saini halali ingeziidhinisha picha zote mbili za Fenton bila kusita, kwa sababu zote mbili zilitoka ndani ya kamera yake, na zile risasi za mizinga, kama zilisogezwa, zilisogezwa kwa mikono mbele ya lenzi.

Hatua ninayoithamini zaidi ni ya kizamani. Shindano la picha za habari la World Press Photo huwataka wapiga picha walioingia hatua za mwisho kuleta faili za asili pamoja na picha zilizotangulia na zilizofuata ile iliyoshindanishwa, na madawati kadhaa ya habari huomba vivyo hivyo pale picha inapotia shaka. Hiyo ndiyo karatasi ya picha ndogondogo, imerudi katika sura ya faili. Mashine inaweza kutunga picha moja yenye kushawishi. Kutunga ishirini zinazofuatana, ambamo kivuli kinasogea inavyotakiwa, mpita njia anaingia upande mmoja na kutokea upande mwingine, na mpiga picha anaonekana akikosea mara kadhaa kabla ya kupata, ni kazi ngumu zaidi kwa sasa, ingawa sitaweka dau kwamba itabaki ngumu hivyo. Ila ili ukaguzi huo ufanyike anahitajika mtu aliyeketi na kuzifungua zote ishirini moja baada ya nyingine, mwenye mamlaka ya kuizuia picha hata kama washindani wameshaitoa, na mtu huyo hukaa katika nafasi ambayo bajeti nyingi za vyumba vya habari zimeshaifuta.